Maji Niliyoyameza Jukwaani

Wakesho wangu, mzaliwa wangu wa kwanza, na mtu wa kwanza katika ukoo wa baba yako na wa kwangu kuvaa joho na ile kofia ya pembe nne,

Umeenda Mwatate kumuaga shangazi yako Mghoi, na nimekwambia usirudi bila yeye hata akilalamika mgongo. Nami nimepata nafasi ya kukaa na karatasi. Unajua nilikomea darasa la saba, lakini mwandiko wangu mwalimu alikuwa akiuinua juu darasa zima lione, kwa hiyo usicheke. Barua hii nitaiweka kwenye mto wako. Isome kabla ya kulala, kwa sababu inahusu kesho asubuhi.

Habari za sweta, dawa ya malaria na kutokula nyama usiyoijua nimezisema mpaka ukaziba masikio. Sizirudii.

Kesho gari la shirika litakuja kukuchukua, na najua utafanya nini. Utaweka begi chini pale mlangoni, utanigeukia, utainamisha kichwa, ungoje nikutasie, nikupe baraka ya safari, kama nyanya yako alivyonitasia mimi nilipotoka Mghange kuja kuolewa huku Sagalla. Wenzako wote wametasiwa na mama zao. Wewe ulipoenda sekondari alikutasia Mghoi. Ulipoenda chuo kikuu, Mghoi tena. Siku ile ya chuo uliniuliza, "Mao, kwani mdomo wako una nini?" Nikakwambia jino linaniuma. Uongo. Meno yangu unayajua, navunja muwa nayo mpaka leo.

Umelelewa na kutasa, lakini sijui kama nimewahi kukueleza undani wake. Mtu haanzi na baraka. Anaanza na hasira. Anaitaja kwa sauti, amekasirikia nani na kwa nini, halafu anateka mdomoni pombe ya miwa, au maji kwa sisi tuliookoka, na kuyapuliza nje. Hasira inatoka na yale maji. Hapo ndipo mdomo unakuwa safi wa kubariki. Ukimtasia mtoto na hasira ikiwa bado imo ndani, unamtemea kitu kingine kabisa.

Sasa tukumbuke siku uliponieleza hii kazi yako. Nilikuwa namenya mihogo ya kupondea kimanga, na kimanga changu, acha niseme mwenyewe, wasafiri wa treni wanashuka Voi wakikiulizia kwa jina langu. Ukakaa kwenye debe ukaniambia:

"Mao, wale watu wamekaa msituni miaka na miaka na bunduki. Sasa wametia sahihi ya amani, wanataka kuwa chama cha siasa. Sisi tutawafundisha."

"Kuwafundisha nini?"

"Kuandika katiba ya chama. Kuchagua viongozi. Kufanya kampeni bila kutisha watu."

"Kwani hilo lina mwalimu? Hapa kwetu tulilifanya bila hata chaki."

Ulicheka, ukasema, "Mao na hadithi zako!" Nikacheka nami, halafu nikajikata kidole. Ulidhani ni ukali wa kisu.

Haikuwa hadithi, mwanangu. Nilipoolewa huku, maji yetu yalikuwa lile bwawa la chini, unalolijua. Ranchi ya pale ikaweka waya kulizunguka na askari juu yake. Sisi wanawake tukawa tunatoka na ndoo kabla jua halijachomoza, tukizunguka mbali hadi miguu inavimba. Vijana wakakata waya. Ukawekwa mwingine, wakaukata tena. Mara ya tatu askari alimpiga risasi kijana aliyekuwa amechuchumaa anachota, akaangukia kwenye maji yale yale. Baada ya hapo vijana hawakurudi na koleo, walirudi na pinde na mishale ya sumu. Baadaye bunduki zikaonekana. Zilitoka wapi, mimi sikuuliza. Watu wakawaita Vijana wa Bwawa, na aliyewaongoza tukamwita Kamanda, kijana mpole tu aliyekuwa fundi wa baiskeli.

Mjomba wako Mwasi alikuwa akiishi kwangu wakati ule, alikuja kutoka Mghange kutafuta kibarua. Picha yake huna, hakuna aliyempiga. Alikuwa mwembamba, na mtu wa kuigiza. Angetembea kama chifu, tumbo mbele na fimbo nyuma, mpaka chifu mwenyewe siku moja alimwona akacheka. Akaingia kwenye Vijana wa Bwawa kwa furaha kama mtu anayejiunga na timu ya mpira. Na mimi sikubaki nyuma. Hakuna mwanamke Sagalla nzima aliyewapikia kama mimi. Nilibeba unga gizani chini ya mzigo wa kuni, mimba yako ikiwa tumboni, na nyimbo walizoimba nyingi nilizitunga mimi. Watakaokwambia vingine wana wivu.

Mwanzo kila nyumba ilitoa unga kwa kupenda. Halafu ukawa unatolewa kwa siku maalum. Halafu nyumba isiyotoa ilikuta mlango wake umechorwa alama ya makaa. Najua unavyofikiri, umesoma. Utasema mama yangu aliliona hilo akashtuka. Sikushtuka. Nilisema wachoyo wanafunzwa adabu, na nikapita mbele ya mlango wa jirani uliochorwa nikiwa nimeinua shingo.

Wakalipata bwawa. Askari wa ranchi walikimbia, waya ukang'olewa. Kukawa na mkutano chini kule, watu wamejaa, na Mwasi akasimama. Akatembea kidogo kama Kamanda, kifua mbele, watu wakaanza kuvunjika mbavu. Halafu akauliza, kwa sauti yake mwenyewe sasa:

"Kamanda, bwawa tunalo. Mbona mama zetu bado wanaogopa kwenda kuchota? Zamani walimwogopa askari wa ranchi. Siku hizi wanamwogopa nani?"

Watu walicheka. Kamanda alicheka kuliko wote, akampigia makofi.

Siku chache baadaye Mwasi alikuwa kwangu anakula. Akaja kijana mmoja wao, simtaji jina kwa sababu amekwisha kufa na watoto wake umesoma nao. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Mwasi, Kamanda anakuita kidogo."

"Kidogo ni kiasi gani? Ugali wangu unapoa."

"Kidogo tu, ndugu."

Akanawa mkono. Akaniambia, "Dada, usinifunikie, narudi sasa hivi." Nikaifunika sahani hata hivyo, maana kulikuwa na nzi.

Niliuliza. Wakasema ametumwa mbali. Baadaye wakasema alikuwa anampelekea chifu maneno. Baadaye wakaniambia, kwa upole kabisa, kwamba mwenye mtoto mchanga hafai kuzungukazunguka akiuliza. Ulikuwa umezaliwa. Nikanyamaza, nikaendelea kupika.

Halafu amani ikaja. Serikali ilipiga hema, kukawa na viti vya plastiki na hotuba. Vijana walirudisha bunduki, zile zilizoshika kutu. Bwawa likawa la wote. Hilo siwanyimi, Wakesho, na wewe usiwanyime watu wa huko unakoenda. Maji tuliyapata, na nguo zako za utoto nilizifulia hapo.

Baada ya hema, chama. Akaja wakili kutoka Nairobi kuwasaidia na makaratasi. Walitaka alama ya upinde, ikakataliwa, wakachagua mtungi. Kamanda akawa Mwenyekiti. Aliyekuwa akikusanya unga akawa mweka hazina. Yule aliyesimama mlangoni kwangu akawa katibu wa nidhamu. Wale vijana waliolala porini wakaumwa na nyoka na kupigwa risasi walipewa fulana na filimbi, wakawekwa kuzuia watu wasikaribie jukwaa. Waliogombea viti ni wale waliojua Kiingereza, ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kula unga wangu. Sisi wanawake tukawa ligi ya akina mama, na nani aliwekwa mbele kuongoza nyimbo? Mama yako. Nilifurahi. Nilishona hata gauni.

Uchaguzi wa viongozi ulifanyika ukumbini Voi. Kamanda alisimama akatuangalia, akauliza kwa ile sauti aliyokuwa akitumia porini, "Kuna anayepinga?" Watu wakapiga makofi. Karatasi zilizokwenda Nairobi zilisema wote wamechaguliwa bila kupingwa, na zilisema kweli.

Mkutano wa kwanza wa kampeni ulipokaribia, wanawake wawili wa ligi walinijia.

"Mama Wakesho, wewe ndiye utakayetasa kwa niaba ya waliofiwa. Watu wasije wakasema chama chetu kina damu."

"Nikitasa lazima nitaje. Nimtaje Mwasi?"

"Utataja kwa ujumla."

"Kwa ujumla vipi?"

"Aa, mama, kwa ujumla! Useme yaliyopita yamepita."

Mimi kupika kwa ujumla najua, naweza kulisha harusi. Hasira ya ujumla sijawahi kuiona. Lakini walikuwa wameketi kwangu, na mlango wangu ulikuwa haujachorwa, nikakubali.

Uwanja ulijaa. Wakasomwa mashujaa waliouawa na askari wa ranchi, jina baada ya jina, na kila jina makofi. La Mwasi halikuwemo. Wale waliouawa na wenzao hawakuwemo hata mmoja. Halafu nikaitwa. Nilipanda na wewe mgongoni umelala. Bakuli la maji lilishikwa na katibu wa nidhamu, na mkono wake wa pili alinishikia kipaza sauti. Nikasema yale ya ujumla. Nikateka maji mdomoni. Uwanja wote ukangoja.

Nikamtazama yule mtu, na nikaisikia ile sauti yake, "Kidogo tu, ndugu." Nikameza.

Hakuna aliyeona. Ngoma zililia, watu wakashangilia, katibu akanipangusa kidevu kana kwamba kimelowa. Nyanya yako peke yake, aliyekuwa ameshuka kutoka Mghange kuniona mwanawe jukwaani, alinishika mkono nilipofika chini.

"Umemeza."

"Nimemeza, mao."

"Basi hayo maji yana mwenyewe. Mpaka utakapoyatoa mbele ya aliyekukosea, mtoto huyu usimtasie kwa mdomo huo."

Chama kilishinda. Kimeshinda mara nyingi tangu hapo, kikabadilisha jina, kikaungana na kingine, na Kamanda ni mheshimiwa katika bunge la kaunti kama unavyojua. Kosa langu, nikitazama nyuma, halikuwa kumeza. Kumeza najivunia mpaka leo, maana uwanja mzima ni mimi peke yangu niliyekataa, hata kama hawakujua. Kosa langu ni kudhani nitaenda kumwuliza Kamanda wiki ijayo. Wiki ijayo ulikuwa unaota meno. Halafu uchaguzi, halafu kiangazi, halafu karo yako ya mwaka wa pili chuoni ikatoka ofisini kwake, nikaenda kusema asante. Nilisimama pale pale kwenye meza yake, Wakesho, na neno nililolisema ni asante.

Leo nimeenda. Ulipopanda gari la Mwatate, mimi nilifunga kibanda changu cha kimanga nikaenda ofisini kwake hapo Voi. Nilivaa ile kanga yangu nzuri. Nilijiandaa kwa kila kitu. Akikana, nitamwambia siku na chakula Mwasi alichokuwa akila. Akinifokea, nitafoka zaidi, steji nzima ya magari inajua sauti yangu. Akilia, hapo ndipo nilikuwa sijui.

Akainuka kunipokea. Amezeeka, nywele nyeupe, miwani.

"Karibu dada, karibu! Nasikia msichana wetu anaenda kufundisha watu siasa. Angepitia hapa kwanza tumpige msasa!"

"Mheshimiwa, nimekuja kumwulizia Mwasi."

"Mwasi yupi?"

"Ndugu yangu. Yule wa kuigiza watu."

Akavua miwani. Nilimtazama vizuri, mimi mtu hanidanganyi usoni, na nakwambia alikuwa anajaribu. Alikunja paji la uso kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Halafu akasema, kwa upole ule wa fundi wa baiskeli:

"Dada, sikufichi. Walikuwa wengi. Mwasi, Mwasi... Wa mwanzo mwanzo, au wa baadaye?"

Nilikosa neno. Mimi! Akadhani nimechoka na jua, akaniagizia soda. Ilikuja ya baridi, kopo linatoa jasho. Sikuigusa. Nimekwisha kumeza vya kutosha mbele ya watu hao. Akanisindikiza mpaka mlangoni, akaniambia nikusalimie.

Nimerudi nyumbani nikiwaza kazi yako. Utaniambia kuna hatua, na kila hatua ina kitabu chake. Sibishi, vitabu umesoma wewe. Mimi niliyoyaona kwa macho ni kwamba bunduki ndiyo iliyokuwa rahisi kuiacha. Ile ya "Kuna anayepinga?" hawakuirudisha kwenye hema, na hakuna aliyewadai. Na waliouawa waliachwa wawe wengi, bila majina, mpaka hata aliyewaua akapoteana nao. Ningalijua zamani ningalienda angali anakumbuka.

Kwa hiyo ukifika huko, hiyo katiba yao waandikie, ni kazi yako na utaifanya vizuri, wewe mtoto wangu hujawahi kufanya kitu vibaya. Lakini kabla ya katiba tafuta anayewapikia. Kaa naye, menya naye chochote anachomenya. Atajisifu kwanza, mwache ajisifu. Halafu mwulize ni nani aliyeuliza swali mkutanoni na hakurudi kumaliza chakula. Akinyamaza usimsukume. Rudi kesho yake. Na wakikuwekea sherehe ya kupatana, wewe usitazame jukwaa lote, mtazame koo yule mama aliyepewa bakuli.

Wakikwambia walikuwa wengi, waambie mama yako alikuwa na mmoja. Ndilo jibu nililolikosa pale ofisini.

Sasa ya kesho. Nilipotoka Voi nilienda nyuma ya nyumba, pale kwenye tangi, nikateka maji kwenye bakuli. Nikasema kwa sauti, kuku tu wakinisikia: Kamanda, ulimwita ndugu yangu akiwa anakula. Nikayatia mdomoni. Nilitaka kuyapuliza, Mungu ananiona. Yakashuka. Nikajaribu tena, yakashuka. Koo limezoea njia hiyo, na mwenye maji hayo, Kamanda, hakumbuki tena ni ya nani.

Ningeweza kukudanganya. Ningepuliza kesho, usingejua, hata ungefurahi. Lakini ulikuwa mgongoni kwangu siku ile, na uongo wa siku ile sikuupuliza, siwezi kukupulizia kesho ukiwa unaenda kwa watu wa namna ile ile.

Ndiyo maana nimekutuma kwa Mghoi. Yeye hana kinyongo na mtu yeyote duniani ila mgongo wake. Kesho ukifika mlangoni mgeukie yeye, umwinamishie kichwa, na upokee yote atakayokupulizia, usijipanguse. Mimi usinitafute usoni. Nitakuwa kando yako, nimekushikia begi, na sitalitua chini mpaka amalize.

Mimi mama yako,
ninayejisifia wewe kwa kila anayekula kimanga Voi,
Mao